Kichwa Chenye Kisigino

Kitendawili! Tega.
Kichwa kina kisigino na kidole,
kina uso bila jicho, shingo bila koo,
na kitovu kisichoonekana.
Umeshindwa? Nipe mji.
Usinipe wa karibu. Nipe Pingtung,
kusini mwa Taiwan, nyuma ya mashamba ya mipopoo,
kiwanda chenye bati la buluu.

Nilipofika Pingtung
nikamkuta kijana ghorofani, Yen-ting,
siku ya tatu anasogeza kitovu cha uzito
milimita moja kuelekea kisigino.
Anakula tambi zilizopoa. Anakirudisha nusu.
Chini hawajui kasogeza nini,
wao hushushiwa namba.

Kisha nta. Nta ya kijani, laini kama sabuni,
vichwa ishirini kwenye shina moja
mithili ya mkungu wa ndizi mbichi.
Mkungu huzamishwa katika uji wa udongo,
hunyunyiziwa mchanga, huanikwa,
huzamishwa tena, na tena,
hadi uote gamba.
Ndipo hutiwa motoni, nta ikatiririka yote
na kilichobaki ni gofu:
kuta tupu, chumba kilichohamwa.
Na mchezo wenyewe tunauita gofu!
Nilicheka peke yangu kando ya tanuru.
Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Chuma kikamiminwa,
cheupe kwanza, kisha rangi ya chungwa, kisha kimya.
Nyundo ikapasua gamba.

Bi. Hsiu-lan amekaa mbele ya mkanda wa msasa
mwaka wa ishirini na sita.
Kichwa huja kwake kizito kuliko haki yake
na yeye hukitoza kodi kwa cheche.
Kikomo: gramu mia mbili sitini na nane,
moja juu, moja chini, basi.
Mimi huhesabu mizani za mshororo kwa vidole
na bado hunikosea.
Yeye huweka chuma kiganjani, hufumba macho,
husema, "Bado nusu,"
hukirudisha kwenye mkanda, vuu,
ndipo hukipeleka kwenye mizani ya kweli
ambayo hukubali.

Kucheza hajawahi.
Aliona mara moja, kwenye televisheni ya kinyozi,
mtu akipiga nyasi pamoja na mpira.
"Nyasi!" akaniambia. "Uso ule niliung'arisha dakika kumi na mbili."

Asubuhi, mlangoni, kuna kisanduku
kinachosoma kidole cha kila anayeingia.
Wenzake hugusa, taa ya kijani.
Yeye hugusa: Jaribu tena.
Hupuliza kidole, hukipangusa kwenye suruali.
Jaribu tena.
Msasa umemla mistari yote, wa gumba hadi wa mwisho,
vidole vyeupe, laini, kama nta kabla ya kuchorwa.
Basi msimamizi Kang huandika jina lake
kwenye daftari la shule lenye picha ya sungura:
Tu Hsiu-lan, saa moja kasorobo, yupo.

Zamani, mwaka wake wa kwanza,
alishika uso wa chuma kabla ya hamamu ya nikeli
na jasho likabaki chini ya mng'aro:
gumba zima, duara ndani ya duara.
Kasoro. Walimkata mshahara wa nusu siku,
wakakitupa kichwa kwenye pipa la kuyeyushwa.
Alikiokota, akakificha chini ya kanga ya chakula,
hapana, si kanga, kitambaa cha maua
wanachofungia makopo ya chakula kule;
ulimi wangu umezoea kwetu.

Kipo jikoni kwake hadi leo.
Anapondea vitunguu saumu.
Kinakalia bili za umeme feni isizipeperushe.
Alinionyesha karibu na dirisha, akikigeuza
mpaka mwanga ukaiamsha alama.
Akaweka gumba lake juu yake.
Lilienea sawasawa.

Nikamwomba nijaribu langu.
Akasema, "Osha mikono kwanza."